Kabla ya kupanda mboga Maine: hesabu siku kwanza

Watu wengi waliohamia Lewiston na Portland, katika jimbo la Maine huko Marekani, wakitokea Kongo, Burundi, Rwanda au Somalia, wamelima tangu utotoni. Jembe wanalijua. Kinachowapiga chenga ni kalenda. Huku hakuna vuli wala masika. Kuna jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha umande na kuacha majani ya nyanya yamekuwa meusi kufikia asubuhi. Wenyeji wengi hawatoi nyanya nje kabla ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Kuanzia hapo hadi jalidi ya kwanza, mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, unabaki na siku kama 120. Bustani yote ipangwe ndani ya siku hizo.

Kwa hiyo shika pakiti ya mbegu uigeuze nyuma, usome idadi ya siku hadi kuvuna. Kwa maharage, siku hizo huhesabiwa tangu kusia. Kwa nyanya na pilipili huhesabiwa tangu mche unapohamishiwa bustanini, na wengi hawalijui hilo. Nyanya ya siku 65 inahitaji pia wiki sita hadi nane ndani ya nyumba, maana yake uisie karibu na mwanzo wa Aprili. Nyanya chungu na pilipili zianze Machi, kwa kuwa huota polepole. Tena, kwa chochote unachotegemea kuvuna Septemba, ongeza wiki mbili: jua limeshapungua na mimea inajikokota.

Mahindi ya nyumbani yanastahili maelezo marefu kidogo, maana ndiyo yanayovunja mioyo. Mbegu ya nyanda za juu huchukua miezi sita au zaidi, na hata ya muda mfupi ina tatizo la pili. Imezoea mchana wa saa 12 mwaka mzima, ilhali Maine mwezi wa Juni mchana hupita saa 15. Mhindi wa kitropiki hungoja mchana ufupike ndipo utoe mbelewele, kwa hiyo unarefuka tu, majani mazuri ajabu, na jalidi inaukuta bila gunzi. Kunde za nyumbani nazo nyingi zina tabia hiyo, ingawa majani yake utakula. Kuhusu kubeba mbegu kwenye sanduku la safari: zisipokuwa na cheti cha afya ya mimea hunyang'anywa uwanja wa ndege. Nunua mbegu huku. Hata kadi ya msaada wa chakula, SNAP, inakubalika kwa mbegu na miche ya vyakula, mradi duka lenyewe linaipokea.

Ushauri wangu ni kuegemea majani. Mchicha, au lengalenga, hupenda joto la Julai na unaukata baada ya mwezi mmoja hivi. Usie kidogo kidogo kila wiki mbili hadi mwanzo wa Agosti. Matembele hayangoji kiazi kikue: chukua kiazi kitamu cha dukani mwezi wa Machi, kilaze kwenye udongo wenye unyevu karibu na dirisha, kisha uchomoe machipukizi. Sukuma wiki haiogopi baridi. Yaweza kutoka nje mapema Mei, na jalidi ya Oktoba huifanya iwe tamu zaidi. Muhogo kwa ajili ya sombe, yaani kisamvu, usijisumbue.

Kwa miche ya ndani, dirisha peke yake halitoshi. Mche unaokosa mwanga hujinyoosha, shina likawa jembamba na jeupe, ukaanguka siku ya kwanza ya upepo. Tundika taa ya LED ya kawaida sentimita chache juu ya majani, iwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Wiki moja kabla ya kupanda, toa miche nje ikae kivulini saa chache, uongeze siku hadi siku. Nayo bamia isikimbilie udongo baridi, itaoza tu. Chomeka udongoni asubuhi kipimajoto cha jikoni, kile cha kupimia nyama. Kikisoma chini ya nyuzi 65 za Farenhaiti, yaani 18 za Selsiasi, subiri.

Udongo wenyewe upimwe mapema, ikiwezekana Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia. Ofisi za ugani za Chuo Kikuu cha Maine hutoa vijisanduku vya sampuli. Udongo wa huku mara nyingi una asidi na hutaka chokaa. Hofu kubwa ni madini ya risasi, yenye sumu: nyumba nyingi za Lewiston zilijengwa kabla ya 1978, mwaka rangi zenye madini hayo zilipopigwa marufuku majumbani, na vumbi lake hubaki chini ya kuta. Ikionekana nyingi, panda kwenye masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo safi, ambao pia hupata joto upesi. Mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kabla ya kuchimba, na asiye na uwanja aombe kipande katika bustani za jumuiya wakati theluji ingalipo, kwani foleni huwa ndefu.

Weka mashuka ya zamani karibu na mlango kuanzia katikati ya Septemba, ya kufunika nyanya usiku ukitabiriwa baridi. Zao moja tu hupandwa baada ya hapo: kitunguu saumu, katikati ya Oktoba, kikifunikwa kwa nyasi kavu na kuchimbwa Julai.