Kufuma skafu ya sufu kwa rangi za mchoro wa Monet

Mchoro tutakaoufuata ni Impression, soleil levant, ambao Claude Monet aliuchora mwaka 1872 kutokana na bandari ya Le Havre, Ufaransa, jua likichomoza. Mkazi wa Lamu aliyewahi kusimama gatini alfajiri atauelewa upesi, kwani anajua jinsi maji na anga vinavyochangia rangi moja.

Hatua ya kwanza, na ndiyo yenye kazi, ni kuchagua nyuzi: kijivu chenye usamawati kwa anga, kijani kilichofifia kwa maji, samawati iliyokoza kwa mashua, na chungwa kwa jua. Jua la Monet linawaka machoni, lakini picha ya mchoro huo ikiondolewa rangi, jua hilo karibu lipotee lote, kwa kuwa mwangaza wake unalingana na wa anga inayolizunguka. Kwa hiyo weka uzi wa chungwa juu ya ule wa kijivu karibu na dirisha, uvipige picha isiyo na rangi kwa simu, na ukiona mmoja umekoza kuliko mwenzake, tafuta mwingine. Usilipuuze jaribio hili.

Hatua ya pili, anza na vitanzi 36 kwa sindano za milimita 5. Fuma maji hadi yapite nusu ya skafu, ukipenyeza mistari miwili miwili ya chungwa kuwa mwako wa jua majini, na michache ya samawati kuwa mashua. Jua lenyewe lipewe mistari minne tu, kisha anga imalizie hadi sentimita 160. Idadi ya mistari ya kila rangi iwe shufwa, ili uzi urudi ukingo ule ule ulikoanzia.

Mwisho, ficha ncha za nyuzi kwa sindano butu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Huku Malindi sufu ni adimu. Je, akriliki inafaa?*

Marahaba, mwanangu. Inafaa, ila usiichanganye na sufu katika skafu moja, kwa sababu sufu inaweza kurudi ikifuliwa na akriliki ibaki ilivyo, kitambaa kikajikunja.

*Dada, namfumia mume wangu aliye Limuru. Aifueje?*

Kwa maji ya vuguvugu, bila kusugua wala kukamua kwa kusokota. Aibonyeze ndani ya taulo, kisha ailaze kivulini. Kabla ya kuihifadhi ahakikishe ni safi na kavu kabisa, kwani nondo huvutwa na sufu yenye jasho.