Jinsi ya kuchagua kadi ya mkopo isiyokukata ukiwa nje ya Uganda

Kazi yangu ni kuwakatia tiketi wafanyabiashara wa Kikuubo, eneo la biashara jijini Kampala, wanaofuata mzigo Dubai, Istanbul na Guangzhou. Karibu kila mmoja huniuliza achukue kadi gani. Ndugu zangu, msichague kwa jina la kadi wala rangi yake. Hesabuni makato kabla ya safari.

Hatua ya 1: Jua makato yanaingilia wapi. Ukilipa kwa sarafu ya nje, mtandao wa kadi yako, yaani Visa au Mastercard, hubadilisha kwa kiwango chake cha siku hiyo, kisha benki yako huweza kuongeza asilimia yake. Ikiongeza asilimia 3, mzigo wa dola 2,000 umekuongezea dola 60. Benki pia inaweza kusema haitozi ada, huku imeshajilipa ndani ya kiwango chake yenyewe cha kubadilishia.

Hatua ya 2: Nenda benki na maswali matatu. Deni la kadi litahesabiwa kwa shilingi au dola? Mnaongeza asilimia ngapi? Kiwango ni cha Visa na Mastercard, au chenu? Omba orodha ya ada kwa maandishi, na usione haya kuisoma palepale mbele ya karani.

Hatua ya 3: Fikiria kadi ya dola, hasa ukienda Dubai. Dirhamu, sarafu ya huko, imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, kwa hiyo bei haikuyumbii. Lakini kama mauzo yako yote ni ya shilingi, dola za kulipia deni utazinunua tu. Linganisha bei ya benki na ya maduka ya kubadilishia fedha mjini kabla ya kuamua.

Hatua ya 4: Ijaribu ukiwa nyumbani. Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Nunua kitu kidogo mtandaoni kwa euro. Subiri malipo yakamilike kwenye taarifa ya akaunti, kisha fungua kikokotoo cha Visa au Mastercard kwenye tovuti yao, weka tarehe ileile na ada sifuri. Tofauti utakayoiona ndiyo ada yako halisi, hata tangazo liseme nini.

Hatua ya 5: Kwenye mashine, chagua sarafu ya nchi uliyomo. Hoteli moja ya Istanbul iliniletea mashine yenye mistari miwili, lira juu, shilingi chini. Nikabonyeza shilingi kwa sababu ndiyo niliyoielewa. Nilipopiga hesabu chumbani, nilikuta nimelipa zaidi, kwa kiwango kilichowekwa na upande wa mashine. Kadi isiyo na ada haikukingi hapo. Kidole chako ndicho kinachoamua.

Wa Guangzhou, jambo lenu ni tofauti kidogo. Huko watu hulipa kwa simu, na kadi ya kigeni unaweza kuiunganisha na Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu. Malipo yanayozidi yuani 200 hukatwa asilimia 3 na Alipay yenyewe, iwe benki yako inatoza au haitozi. Itie gharama hiyo kwenye bei ya mzigo mapema.

Fedha taslimu usizitoe ATM kwa kadi ya mkopo. Kwa kawaida kuna ada ya kutoa, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Kwa teksi na chakula, beba dola mkononi ukazibadilishe kwa sarafu ya huko.