Faili likinyamaza: kuweka hati kwenye tovuti ili na asiyeona azisome

Mwaka jana mama mmoja wa Temeke alipiga simu ofisini kwetu, kwenye chama cha akiba na mikopo ninachokitunzia tovuti. Haoni, na kompyuta yake ina NVDA, programu huria inayosoma skrini kwa sauti. "Mwanangu, fomu yenu nimeifungua lakini kompyuta iko kimya. Humo ndani kuna kitu kweli?"

Kilikuwemo: picha. Katibu aliandika fomu, akaiprinti, ikagongwa muhuri, ikaskaniwa, nami nikaipandisha hivyo hivyo. Tangu siku ile nafanya kama ifuatavyo. Programu zote ni huria na hazilipiwi, gharama ni bando la kuzipakulia.

Hatua ya 1: Pima ulichonacho. Fungua PDF, jaribu kuteua sentensi moja kwa kipanya. Ikigoma, hiyo ni picha. Mtafute aliyeiandika akupe faili la asili, maana kwa kawaida bado limo kwenye kompyuta yake. Likiwa limepotea kabisa, OCRmyPDF, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, husoma picha na kuitilia maandishi, na Kiswahili inakijua ukiiongezea kifurushi cha lugha hiyo (swa):

`ocrmypdf -l swa zamani.pdf mpya.pdf`

Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Maandishi yatapatikana, mpangilio wa vichwa hautakuwepo.

Na muhuri je? Hapa ndipo nilipobishana sana na wazee wa kamati, kwani mjini hapa karatasi isiyo na muhuri haiaminiki. Tulikubaliana nakala yenye muhuri ibaki kabatini, na ile ya tovuti iandikwe chini: "Nakala yenye sahihi na muhuri ipo ofisini."

Hatua ya 2: Rekebisha faili la asili, usihangaike na PDF. Lifungue kwa LibreOffice Writer, programu ya kuandikia hati. Wengi wetu tukitaka kichwa cha habari tunakoleza na kukuza herufi. Jicho linaelewa, programu haielewi. Weka kielekezi kwenye mstari wa kichwa, bonyeza Ctrl+1 kwa kichwa kikuu, Ctrl+2 kwa kidogo. Anayetumia NVDA akibonyeza H anaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo, atasikiliza kurasa kumi na mbili za masharti ya mkopo ndipo afike kwenye riba.

Kisha lugha. Nenda Tools, Language, For All Text, uchague Swahili (Tanzania). Ukiacha Kiingereza, "wake" na "same" vitatamkwa kizungu, na ukisikiliza dakika tano utacheka kwanza, halafu utachoka. eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja na NVDA, ina Kiswahili, ila lazima hati iseme kwamba ni ya Kiswahili.

Picha: bofya kulia, Alt Text, andika inachoonyesha. "Picha 3" si maelezo. Majedwali: usiunganishe visanduku.

Hatua ya 3: Kagua, kisha toa PDF. Weka jina la hati kwenye File, Properties, Description. Endesha Tools, Accessibility Check, urekebishe inachokilalamikia. Halafu File, Export As, Export as PDF, uweke tiki kwenye Universal Accessibility (PDF/UA), yaani PDF inayosomeka na wote. Chaguo hilo lipo tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, kwa hiyo mwenye toleo la zamani asasishe.

Ukipenda, pitisha faili kwenye veraPDF, programu ya kukagua PDF. Itakuambia kama lebo za ndani, zinazoieleza programu kipi ni kichwa na kipi ni picha, zipo. Kama maelezo ya picha yana maana, hilo haiwezi kukuambia. Zima skrini, washa NVDA, sikiliza mwenyewe.

Hatua ya 4: Jiulize kama PDF inahitajika. Ratiba na matangazo siku hizi nayaweka kama ukurasa wa kawaida, kwa sababu wanachama wengi wanasoma kwa simu. Pandoc, programu ya kubadilisha aina ya faili, inafanya hivyo kwa amri moja:

`pandoc ratiba.odt -s -M lang=sw -M title="Ratiba ya mikutano" -o ratiba.html`

Hatua ya 5: Tunza. Faili la .odt, yaani lile la asili la Writer, ndilo mali yako, lihifadhi. Likibadilika, toa PDF upya kwa jina lile lile, `fomu-ya-kujiunga.pdf`, si `fomu_mpya_final2.pdf`. Kiungo kilichokwisha kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kitaendelea kufungua fomu sahihi. Na kiungo chenyewe kisiandikwe "bofya hapa". Andika "Pakua fomu ya kujiunga (PDF)".

Nilipomaliza nikampigia yule mama. Akaifungua, akaisikiliza yote. "Sasa inaongea," akasema, "lakini hapa pa kuandika jina naandikaje? Naambiwa nukta tupu." Kweli, nilikuwa nimeacha vile vidoti vya kujazia kwa kalamu. Nikarudi Writer, menyu ya Form, nikaweka Text Box kila palipokuwa na vidoti, na kwenye Help text ya kila kisanduku nikaandika kinachotakiwa: jina kamili, namba ya simu, kata.