Kafeini Haina Haraka Mwilini mwa Farasi

Wafugaji wengi wa farasi wa mbio hudhani dawa ya kuchangamsha kama kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa, huisha mwilini pale mnyama anapotulia. Sivyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kafeini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya saa 5 hivi. Kwa farasi ni mara mbili ya hapo au zaidi, na wengine hufika saa 18. Kwa kasi hiyo ya saa 18, siku ya nne inapokaribia kwisha bado imebaki sehemu moja kati ya 32, na maabara inayopima farasi wa mbio haihitaji hata kiasi hicho kuigundua kwenye mkojo.

Kinachochelewesha ni ini. Kafeini kidogo sana hutoka kama ilivyoingia. Iliyobaki lazima ivunjwe kwanza, na hapo huzaliwa theobromini na theofilini, ambazo nazo ni vichangamshi. Ndipo figo zipokee. Kwa hiyo kumnywesha farasi maji mengi au kumkimbiza atoke jasho ni kujichosha bure. Dawa ya kukojoza nayo huongeza maji kwenye mkojo tu, ini linabaki na mwendo wake.

Amfetamini, kichangamshi kingine, ina kisa chake. Mkojo wa farasi anayekula nyasi kwa kawaida una hali ya magadi, na katika mkojo wa namna hiyo sehemu ya dawa hurudi kwenye damu kabla haijatoka. Mkojo ukiwa na tindikali, hutoka upesi zaidi.

Mimi hofu yangu kubwa iko kwenye ndoo ya chakula kuliko kwenye sindano. Maganda ya kakao yana theobromini, na yakichanganywa kwenye chakula au kutandikwa bandani, farasi atayala. Kwenye mbio za kimataifa kikomo cha theobromini ni mikrogramu 2 kwa mililita moja ya mkojo. Muulize muuzaji kilichomo kwenye gunia, na weka kando kiasi kidogo cha kila gunia, ukiandika tarehe.

Farasi aliyepewa dawa yoyote, ondoa majani yaliyolowa mkojo kila siku, maana huyatafuna na kuirudisha dawa tumboni. Ndoo yake asishirikiane na mwingine. Na mtunzaji asimwage masalia ya kahawa humo, hata kama ni funda moja.

Siku za kusubiri kati ya dawa na mbio apange daktari wa mifugo. Muda unaotajwa kwenye majedwali ya ugunduzi, yanayoonyesha dawa huonekana kwenye vipimo kwa muda gani, umepimwa kwa farasi wachache tu, hivyo daktari huongeza siku za tahadhari juu yake.