Kumwatamisha kuku wa kienyeji kwa mara ya kwanza, hatua kwa hatua

Kuku anaijua kazi ya kuatamia kuliko sisi. Uanguaji mwingi huharibiwa na mambo asiyoyamudu: mayai yaliyokaa mno, utitiri, kuku wenzake wanaoingia kutaga kiotani mwake, na mwenyewe anayemchungulia kila saa. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kabla ya kuweka mayai na baada ya vifaranga kutoka. Zile siku 21 za katikati ni zake.

Ninayoeleza hapa ni ya kuku wa kienyeji, hawa tunaofuga huku Singida. Chotara wengi hawaatamii, ila mayai yao unaweza kumpa kuku wa kienyeji na akayaangua bila shida.

Hatua ya 1: Hakikisha ameanza kweli

Kumkuta kiotani mchana hakutoshi, huenda anataga tu. Mtazame usiku. Anayeatamia hapandi kulala na wenzake. Anabaki kiotani amejitandaza, na ukipeleka mkono anatutumua manyoya, anatoa mlio mzito na pengine kukudonoa. Kifuani utaona amenyonyoka manyoya. Akishuka mara moja kwa siku, anaacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Hiyo ni kawaida, si ugonjwa.

Mtetea mchanga anaweza kulala siku moja akaghairi. Mpe kwanza mayai viza, au mawe laini yenye umbo la yai, kwa siku mbili tatu. Akitulia mchana na usiku, ndipo umwamini na mayai mazuri.

Hatua ya 2: Chagua mayai

Chukua mayai ya mitetea inayokaa na jogoo; jogoo mmoja mwenye nguvu anatosha mitetea kumi hivi. Yawe ya ukubwa wa wastani, yasiyo na ufa, yasiyo ya duara wala marefu kupita kiasi. Yasizidi siku 7 tangu yatagwe. Yakifika siku 10 bado mengine yataanguliwa, lakini uwezo wake unakuwa umeshuka. Unapoyakusanya yaweke ndani ya nyumba mahali penye ubaridi, si kwenye friji, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Usiyaoshe, maana maji huondoa utando unaozuia vijidudu visipenye ganda.

Mayai 10 hadi 13 yanamtosha kuku mmoja. Yai likichungulia nje ya mbawa zake, punguza. Wengi hupenda kujaza 18 wakidhani watapata zaidi, kumbe yale ya pembeni hupoa, kuku anapoyageuza yanabadilishana nafasi, na mwishowe karibu yote yanakuwa yameonja baridi.

Hatua ya 3: Andaa kiota na kupambana na utitiri

Tumia kapu, boksi, chungu kipana au karai bovu, mradi kuku aenee na aweze kujigeuza. Chini weka udongo au mchanga uliobonyea kidogo katikati, nyunyiza majivu yaliyopoa kabisa, kisha tandika nyasi kavu. Wakati wa kiangazi, huku kwetu hewa ikiwa kavu, mimi hulowanisha kidogo ule udongo wa chini. Mahali pawe na giza kiasi, pakavu, mbali na mbwa, kicheche, kenge na njia ya siafu.

Utitiri ndio unaowatimua kuku wengi kwenye mayai. Mchana hujificha kwenye nyufa, usiku hutoka kunyonya damu. Ingiza mkono chini ya nyasi usiku, kisha uumulike kwa tochi: ukiona vidoa vidogo vyekundu vinatembea, umeshauona. Choma nyasi zote, badilisha kiota, na mpake kuku majivu laini chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Majani makavu ya mwarobaini kwenye nyasi mpya husaidia.

Hatua ya 4: Weka mayai usiku

Mhamishe usiku, taratibu, ukimshika chini ya kifua. Weka mayai yote kwa pamoja ili yaanguliwe pamoja. Kila yai litie alama kwa penseli, si kwa wino. Lolote lisilo na alama utajua limetagwa na mgeni, litoe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Mwache afanye kazi

Karibu naye weka maji safi na nafaka nzima, mtama au mahindi. Atashuka mara moja kwa siku kula, kunywa na kuoga vumbi, dakika 15 hadi 30, kisha atarudi mwenyewe.

Usiku wa siku ya 7 mulika mayai kwa tochi gizani. Lenye uhai lina kitone cheusi chenye mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo jeupe lote halina mbegu, litoe. Rudia siku ya 14, na kuanzia siku ya 18 usiguse kabisa.

Hatua ya 6: Siku ya kutotoa

Kifaranga akishatoboa ganda anaweza kuchukua hata siku nzima kutoka. Tafadhali usimbandue. Mishipa ya damu bado imeshikamana na utando na kiini hakijaingia chote tumboni. Ukimvuta atatoka damu. Asipokula siku ya kwanza hatakufa, kile kiini kinamlisha.

Kuku wa mara ya kwanza huweza kushtuka na kudonoa vifaranga, kwa hiyo uwe karibu. Akidonoa, watoe uwaweke penye joto, kisha warudishe chini yake usiku akiwa ametulia.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Wape maji kwenye kisahani chenye vijiwe wasizame, na chenga laini pamoja na dagaa waliosagwa au mchwa. Waweke pamoja na mama yao kwenye tenga siku za mwanzo, mwewe asiwafikie. Muone afisa mifugo wa kata mapema akupangie chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle). Chanjo iitwayo I-2 hutolewa kwa tone jichoni na hurudiwa kila miezi mitatu. Nyasi za kiota zichome zote, mayai viza yafukie, na chombo kianike juani kabla ya kukipa kuku mwingine.