Kabla hujalipia pasipoti, mwaga karatasi zako zote mezani kwanza

Mimi nina kisteshenari changu Ngamiani hapa Tanga, mashine mbili za kutoa kopi, kompyuta moja na printa ya rangi ambayo mvua ikinyesha tu inagoma. Watu wanaokuja kujaziwa fomu ya pasipoti nawajua kabla hawajafungua mdomo, wanakuja wamekumbatia bahasha ya kaki kama wamebeba mayai. Na swali la kwanza ni lilelile, kaka pasipoti shingapi? Namwambia weka kwanza hizo karatasi hapa kaunta nizione, hela tutaongea baadae.

Maana huku kwetu kinachokwamisha watu sio hela sana, ni majina. Madrasa mtu anaitwa Athumani, shule mwalimu kaandika Athuman, cheti cha kuzaliwa kina Othman, akaenda NIDA, kule kwenye kitambulisho cha taifa, na haraka zake akaandikisha Athumani. Jina la tatu ndo balaa kabisa, cheti kina jina la babu, NIDA kaweka ukoo, She-nani huko, na Msambaa na ukoo wake hawaachani. Mtaani wote tunajua ni mtu yuleyule mtoto wa fulani, ila kwenye kompyuta hao ni watu watatu na kila mmoja anatafutwa kivyake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hata bando haihitaji. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, cheti cha ndoa kama unacho, pasipoti ya zamani kama iliwahi kuwepo, vipange mezani usome jina herufi kwa herufi, sio kwa kuangalia juu juu, soma kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Said na Saidi, Rajab na Rajabu, Mwanahamis na Mwanahamisi. Alafu angalia tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, sasa kama cheti kinasema Machi na namba inaonyesha mwezi wa tano, hapo simama usilipe chochote.

Ukikuta tofauti, rekebisha kuanzia chini kwenda juu, yani cheti cha kuzaliwa kwanza kwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo (huku mikoani ofisi zao ziko wilayani), kikikaa sawa ndo uende NIDA, NIDA ikikaa sawa ndo pasipoti. Watu wanapenda kuanza juu, anataka pasipoti itoke haraka alafu hayo mengine "yatajipanga", hayajipangi, pasipoti inafata yale ya chini. Kuna hati ya kiapo kwa wakili, inasema mimi Othman ndiye Athumani, hiyo kwa tofauti ndogo inasaidia hapa nyumbani, na kama jina umelibadilisha kabisa kuna hati ya kubadili jina ambayo inasajiliwa. Lakini ushauri wangu mimi, usisafiri na rundo la viapo kama unaweza kusahihisha chanzo. Yule binti wa kaunta ya ndege Muscat hana muda wa kusoma kiapo chako cha Tanga, yeye anaangalia zile mistari miwili ya chini ya pasipoti yenye alama za mishale, jina lililopo pale ndo wewe.

Sasa maombi yenyewe. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji, unatoa kontrol namba, yani namba ya kulipia serikalini, unalipa, unaprinti, kuna sehemu ya kusaini mbele ya wakili, alafu unaipeleka mwenyewe ofisi ya Uhamiaji kwa ajili ya picha na alama za vidole. Pasipoti ya kawaida jumla ni 150,000, elfu 20 unatoa mwanzo wakati wa fomu na laki na 30 baadae, inakaa miaka 10. Hizi za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, kwa hiyo kama wewe ni wale wa mwanzo mwanzo hesabu miaka yako vizuri, 2028 sio mbali, na ntakueleza chini kwa nini usisubiri mpaka ifike.

Unaambatanisha cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho au namba ya NIDA, picha yenye rangi ya bluu mpauko nyuma, cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja, na ushahidi wa hiyo safari au shughuli unayoiendea, mwaliko, barua ya chuo, kitu kama hicho. Hapo kwenye mzazi ndo wengi wanakaa chini. Baba kazaliwa miaka ya hamsini kijijini huko Mkinga, cheti hajawahi kukiona, ndo hapo sasa kiapo kinafanya kazi yake halali. Na mkiwa ni watu wa kule mpakani, Wadigo ambao mjomba yuko Horohoro na shangazi yuko Lunga Lunga upande wa Kenya, msishangae kuulizwa maswali mengi kuhusu wazazi na mababu, jibu ukweli na majibu ya mdomoni yafanane na yaliyoandikwa kwenye fomu, maana uraia ndo kitu wanachokitafuta pale.

Vishoka. Utawakuta tu, anakwambia nipe laki mbili na nusu utaipata wiki hii. Ada nimeshakutajia na kontrol namba inatoka kwenye mfumo, hela inaenda serikalini moja kwa moja, sasa yeye ile laki ya juu ni ya nini? Mimi mwenyewe nalipwa kwa kuchapa na kuskani, siwezi kukuharakishia kitu, na anayesema anaweza mwogope.

Anayekwenda Kenya tu kumuuguza ndugu na akarudi, kuna hati ya dharura ya safari, ni nafuu kuliko pasipoti, uliza Uhamiaji kama inakufaa. Na wale mnaoniuliza kila siku kuhusu Pemba, jamani Pemba ni Tanzania, kitambulisho chako kinatosha.

Picha. Hapa napoteza wateja kila wiki kwa sababu nawaambia ukweli. Usicheke, usikunje shingo, kofia vua, hijabu ruksa ila uso wote uonekane kuanzia kidevuni mpaka paji la uso. Ile picha ya pasipoti yetu usidhani itafaa kwenye viza pia. Viza ya Marekani wanataka picha ya mraba, sentimita 5 kwa 5, nyuma nyeupe, na miwani hawataki tangu 2016. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, ni milimita 35 kwa 45. Kwa hiyo ukienda studio mtajie mpiga picha nchi unayoenda, usimwambie "za pasipoti" tu, atakupigia zile za fomu ya shule.

Pasipoti ikitoka ifungue palepale dirishani kabla hujatoka nje. Jina, tarehe, jinsia, mahali pa kuzaliwa, na saini.

Haya, tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hasa za Uarabuni zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi mbele, kwa hiyo pasipoti ya miaka 10 kiuhalisia ni ya miaka tisa na nusu. Schengen wao wanataka miezi 3 baada ya siku utakayoondoka kwao, kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Ndo maana nimesema wa 2018 waanze kuhangaika 2027.

Tiketi sasa, hapa niwape yaliyonikuta mimi mwenyewe mwenye steshenari, mtaalamu wa majina ya watu. Nilikuwa naenda kwa dada yangu, nikampigia wakala wa tiketi nikamtajia majina matatu kwa simu, yule bwana akaweka jina la babu mwisho wakati pasipoti yangu ina ukoo. Nimetoka stendi ya Kange usiku, Segera, Chalinze, nimefika Dar na usingizi wangu, kwenye kaunta naambiwa huyu wa kwenye tiketi sio wewe. Kubadilisha kuna malipo, na mpaka nimetumiwa hela kwenye simu kaunta imefungwa. Nikarudi Tanga na sanduku lina kilo tatu za dagaa, nyumba nzima ilinuka. Tangu siku ile mtu akitaka kukata tiketi namwambia usitaje jina kwa mdomo, piga picha ukurasa wa pasipoti umtumie wakala, na akikuletea tiketi isome kabla hujalipa.

Watoto kila mmoja na pasipoti yake, hata kichanga. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja beba barua ya ridhaa ya yule mwingine, na kopi ya kitambulisho chake pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hata kama viza haijadai, maana mama anaitwa kivyake na mtoto ana majina ya baba na afisa wa nchi ya watu hajui kama ndo utaratibu wetu.

Pasipoti ikipotea hapa nyumbani anza polisi upate taarifa ya upotevu ndo uende Uhamiaji. Ikipotea ugenini nenda ubalozi wetu, watakupa hati ya kurudia nyumbani. Ndo maana kopi ya ule ukurasa wenye picha iwe kwenye simu, nyingine kwenye barua pepe yako, na moja ya karatasi muachie mtu nyumbani, sio yule anayepoteza funguo.

Mwisho kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, usiende siku moja kabla ya safari, na tangu 2016 kadi ni ya maisha, hakuna tena kuchoma kila miaka 10. Wanaokwenda hija kuna na ya homa ya uti wa mgongo, hiyo nayo siku 10 kabla ya kufika kule. Kadi inaandikwa kwa mkono, kwa hiyo nenda na pasipoti yenyewe umpe mchomaji anakili, usimtajie.

Juzi kaja bibi mmoja wa Makorora, anakwenda umra na mwanae. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, nitolee kopi. Karatasi zote safi, cheti, NIDA, pasipoti, tiketi, nikasema leo nimepata mwanafunzi bora. Nafika kwenye kadi ya chanjo, Mwanahamis. Pasipoti, Mwanahamisi. Kaniangalia, "mjukuu wangu, hiyo i moja tu?" Nikamwambia bibi safari bado wiki tatu, rudi wakuandikie nyingine, kopi utakuja kutoa kesho na sitakuchaji.