Somo: Nasi lemak, wali wa nazi wa Malaysia, na sambal yake

Salamu jamani. Somo hili nililiahidi tangu kabla ya Ramadhani, na walionidai wanajijua. Leo nalipa.

Kwanza niwatoe hofu ya jina. Mmalay ana maneno kama yetu: padi ni mpunga, beras ni mchele, nasi ni wali. Lemak ni mafuta, ule unono wa tui unaobaki mdomoni baada ya kumeza. Ukiingia jiko la kizamani la kule utakuta hata mbuzi ya nazi, kigoda chenye ulimi wa chuma kama chetu, wao wanaiita kukur. Kwa hiyo nilipofika Gombak kusoma, nje kidogo ya Kuala Lumpur, nikauona wali umefungwa kwenye jani la mgomba saa moja asubuhi, nikajisemea: wali wa nazi nimezaliwa nao, hawa watanifundisha nini? Nikanunua, nikafungua, nikala. Wali wenyewe haukunishtua. Kilichonishika ni lile rojo jekundu la pembeni, tamu, kali, chachu, lina harufu ya bahari. Hiyo ndiyo sambal.

Ndiyo maana somo langu naanza na sambal, wali unafuata. Wengi huanza na wali, wakishachoka wanaiharakisha sambal, na chakula kinaharibikia hapo.

VITU VYA KUANDAA (watu 4)

Sambal: pilipili kavu ndefu nyekundu 20, zile za ngozi iliyokunjamana ambazo rangi yake ni kubwa kuliko ukali wake, vitunguu maji 2 vya kusaga na 1 cha kukata pete, vitunguu saumu punje 3, belacan (kamba waliochachushwa) kijiko 1 cha chai, mafuta nusu kikombe, ukwaju mzito vijiko 3 vya chakula, sukari vijiko 2 vya chakula, chumvi mwisho.

Wali: mchele vikombe 2, tui jepesi kikombe 1 na nusu, tui zito kikombe 1, tangawizi kipande cha kidole gumba, majani ya pandan (ya kutia harufu, nitayaeleza chini) 3, chumvi kijiko 1 cha chai.

Pembeni: dagaa kikombe 1, karanga mbichi zenye ngozi nusu kikombe, mayai 4, tango 1. Jani la mgomba ukilipata.

HATUA YA 1: Pilipili na belacan

Kata pilipili kwa mkasi, kung'uta mbegu, kisha loweka kwenye maji ya moto dakika 20 mpaka zilainike kama ngozi ya tende. Maji yale mwaga. Saga pilipili pamoja na vitunguu maji viwili na saumu, kwa maji kidogo sana, mpaka usione tena vipande vya ngozi.

Belacan ni kamba wadogo mno waliotiwa chumvi, wakaanikwa, wakapondwa na kuachwa wachachuke mpaka wakawa kama kipande cha tofali. Kikaange kwenye kikaango kikavu dakika moja au mbili, ukikiponda kwa mwiko mpaka kiwe ungaunga, kisha changanya na pilipili iliyosagwa. Fungua madirisha kabla hujaanza. Mara ya kwanza nilipokaanga belacan hapa Dar, mama mwenye nyumba alinigongea akiuliza kama panya amefia darini. Alipokula jioni hakuuliza tena.

HATUA YA 2: Kuikaanga sambal (hapa tulia)

Pasha mafuta moto wa wastani, mimina mchanganyiko wote. Mafuta nusu kikombe yatakutisha, usiyapunguze. Sasa sikiliza sufuria. Mwanzoni inatokota, inatoa mvuke mwingi na inakurukia mikononi, maana maji bado yamo. Rangi ni ya machungwa iliyokaribia nyekundu. Punguza moto, koroga ukikwangua chini. Baada ya kama dakika kumi mlio unabadilika, unaacha kutokota unaanza kukaanga. Rangi inaingia kwenye damu ya mzee. Endelea. Ukifika dakika ya 15 hadi 20 utaona mafuta mekundu yamejitenga, yamezunguka ukingo, na ukipitisha mwiko katikati njia inabaki wazi kidogo kabla ya kufunga. Wamalay wanasema pecah minyak, mafuta yamepasuka. Kabla ya hapo pilipili bado mbichi hata kama macho yanakwambia imeiva. Mimi sambal yangu ya kwanza niliiepua dakika ya saba kwa sababu ilikuwa nyekundu na inapendeza. Usiku ule tumbo lilinisomea somo lote.

Mafuta yakishajitenga, tia kitunguu cha pete, ukwaju na sukari. Acha kwa moto mdogo dakika 10 nyingine, kitunguu kilainike na rojo liwe zito linalong'aa. Onja ndipo utie chumvi, maana belacan ina yake. Utamu uutangulie ukali ulimini, ukwaju uje nyuma. Ikikujia kali tu, bado inadai sukari.

HATUA YA 3: Wali

Osha mchele, loweka nusu saa, chuja. Chemsha tui jepesi na chumvi, tangawizi iliyopondwapondwa na majani ya pandan uliyoyafunga fundo. Tia mchele. Maji yakikauka ukaona vitundu juu ya wali, mimina tui zito, geuza mara moja tu kwa mwiko, funika, moto mdogo kabisa dakika 15. Wa mkaa, punguzeni chini mpalie juu. Epua, uache umefunikwa dakika 10, toa majani na tangawizi.

Kwa nini tui zito lisitangulie? Likichemka kwa nguvu linakatika, na mafuta yake huuvika mchele kabla maji hayajaingia, ukala wali wenye kiini. Kule wazee wanapika kwa mvuke: mchele uliolowekwa unapikwa kwa mvuke, unatolewa na kuchanganywa na tui, kisha unarudishwa kwenye mvuke. Unatoka punje punje, laini, wala haushikani. Ila ukoko hupati, na najua humu kuna watu wanapika wali kwa ajili ya ukoko.

Kuhusu pandan: ni jani refu la kijani lenye harufu kama ya mchele mpya. Ni wa ukoo mmoja na mkadi wetu wa Pwani, ule ambao maua yake huwekwa kwenye kikuba. Msije mkachuma majani ya mkadi mkatia sufuriani, nawajua! Ule harufu yake iko kwenye ua, na jani lake lina miiba. Mkikosa pandan, tieni mche mmoja wa mchaichai uliopondwa. Hata kule wapo wanaotia mchaichai.

HATUA YA 4: Vya pembeni

Kaanga karanga na ngozi zake kwa mafuta ya moto mdogo, utoe kabla hazijafika rangi unayoitaka, zitaendelea kuiva nje ya sufuria. Mafuta yale yale, kaanga dagaa waliooshwa na kukaushwa vizuri mpaka wavunjike mkononi. Nusu ya dagaa ingiza kwenye sambal ukiwa tayari kupakua, nusu bakisha wakavu. Chemsha mayai, kata tango na maganda yake.

HATUA YA 5: Kupakua

Babua jani la mgomba juu ya moto likolee kijani na kulainika, lisikupasukie. Weka wali, sambal juu yake, nusu yai, dagaa, karanga, vipande vya tango, kunja. Baada ya dakika chache joto la wali linatoa harufu ya jani, na hiyo sahani haikupi. Ukikosa jani, pakua kwenye sahani ule, hakuna atakayekushtaki.

MASWALI YA WANACHAMA

*Swali kutoka Mombasa: Mwalimu, kusema kweli huu si wali wetu wa nazi na pilipili pembeni?*

Dada yangu, wali ni binamu wa wetu, sikatai. Lakini sisi wali wa nazi tunautafutia mchuzi: samaki wa kupaka, maharage, kisamvu. Huu hauna mchuzi. Sambal ndiyo inayoulowanisha, na tango ndilo linaloupoza ulimi. Halafu wao wanaula asubuhi, ingawa siku hizi unauzwa mpaka usiku wa manane. Wala si wa juzi, Mwingereza Richard Winstedt ameutaja kwenye maandishi yake ya 1909 kuhusu maisha ya Wamalay.

*Swali kutoka Mwanza: Dagaa wetu wanafaa?*

Wanafaa, ila ujue tofauti. Ikan bilis, yaani dagaa wanaotumika Malaysia, ni samaki wa baharini, huchemshwa kwa maji ya chumvi ndipo wakaanikwa. Wanaofanana nao hasa ni dagaa mchele wa Zanzibar. Dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki wa aina nyingine na wana uchungu kidogo, kwa hiyo toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili, kausha juani ndipo ukaange. Na kwa kuwa hawana chumvi ndani, sambal yako itahitaji zaidi.

*Swali kutoka Bujumbura: Huku tuna ndagala, lakini belacan sijawahi hata kuiona. Nifanyeje?*

Ndagala wa Tanganyika ni wazuri sana kwa kazi hii, wana mafuta yao. Badala ya belacan, kaanga ndagala wakavu kiganja kimoja bila mafuta, twanga wawe unga, tia kijiko kimoja cha chakula ndani ya pilipili. Wa Pwani tumieni kamba wakavu vivyo hivyo. Haitakuwa na ule ukali wa kuchachuka, ila bahari, au tuseme ziwa, litakuwemo.

*Swali kutoka Muscat: Sisi huku basmati tu. Na nikitaka kuongeza iliki na karafuu?*

Basmati sawa, punguza robo kikombe ya tui jepesi. Vivyo hivyo kwa wenye mchele mpya wa Mbeya au Kyela, unakunywa maji kidogo. Iliki na karafuu, bibie, ziache kwa pilau. Ukitaka wali wa viungo, Terengganu na Kelantan, upande wa mashariki, wana nasi dagang: wali wa tui wenye vitunguu na uwatu, unaoliwa na mchuzi wa jodari. Uwatu wao wanauita halba, na wewe uliye Muscat hilo jina hulihitaji kufasiriwa. Nitaufundisha siku yake.

*Swali kutoka Minneapolis: Dada, natumia tui la kopo na sufuria ya umeme. Inakubali?*

Inakubali, kaka. Kopo usilitikise. Fungua, chota lile zito la juu uliweke kando, la chini changanya na maji ufikishe kikombe 1 na nusu. Pika na hilo jepesi, sufuria ikijizima mwagia lile zito, geuza, funika, iache kwenye joto la kutunzia dakika 15. Angalia kopo lisiwe la tui la vinywaji lenye sukari. Pandan utaipata imegandishwa kwenye maduka ya Waasia.

*Swali kutoka Tanga: Sambal naweza kutia nyanya iongezeke? Na pilipili kichaa badala ya hizo kavu?*

Ukitia nyanya umepika rosti. Wekundu wote huu ni wa pilipili kavu, ndiyo maana ziko 20. Pilipili kichaa 20 utalaza watu hospitali, na hata ukitia 3 hazina nyama ya kulifanya rojo liwe zito. Mbichi ndefu nyekundu zinasaidia kidogo ukikosa kabisa, ila zina maji mengi, kaanga zaidi.

*Swali kutoka Dar: Watoto watakula? Na mabaki nayahifadhi vipi?*

Wangu nawapa wali, yai, tango na dagaa wakavu, sambal naipaka kwenye ncha ya kijiko, wanaizoea polepole. Wali wa nazi unajua mwenyewe, joto letu hili unachacha, kwa hiyo ukibaki uingie kwenye friji mapema na uliwe kesho yake, usipite hapo. Sambal ni tofauti, kwenye chupa kavu ndani ya friji inakaa wiki nzima, na siku ya pili ni tamu zaidi. Ila dagaa usiwatie mapema, watalainika.

*Swali kutoka Pemba: Nimepika leo leo. Wali umenyooka lakini sambal imekuwa nyeusi na chungu. Niongeze sukari?*

Pole shoga. Moto ulikuwa mkali na chini hukukwangua, imeungua. Uchungu huo hauondoki kwa sukari wala ukwaju, imwage. Wali usiutupe, tafuta changu wa kupaka mle usiku huu, sambal uipike upya kesho, ukiwa na muda wa kusimama jikoni dakika 30.